Gemu Imekataa Kufunguka: Dalili, Sababu na Tiba kwa Mashine za Arusha na Moshi

Kama gemu yako imeweka alama ya kufuli, usiifute. Kufuta ndiyo hasara ya kwanza: mtu anaondoa gemu ya GB 60, anakesha akiipakua upya kwa bando la usiku, inafika asilimia mia, na kufuli liko palepale. Kinachokosekana ni leseni, faili dogo linalotoka kwenye akaunti. Zile GB 60 hazikuwa na kosa lolote.

Shika hilo kabla ya kushika bisibisi. Mashine nyingi zinazopelekwa kwa fundi, iwe Ngarenaro au Majengo ya Moshi, haziumwi kitu. Zimefungwa na programu ya kulinda nakala, yaani ya kuzuia gemu kunakiliwa bila leseni, na kufuli la namna hiyo halifunguki kwa kusafisha feni wala kubadili waya. Jiulize kwanza maswali matatu. Gemu ni ya diski au ya kupakua? Ilinunuliwa kwa akaunti ya nani? Mashine imewahi kuchipwa (kuwekewa chipu ya kukwepa ulinzi) au kufanyiwa jelibreki (kuvunjwa kufuli za mfumo wake ili icheze nakala)? Swali la tatu ndilo linalofichwa sana, na likifichwa fundi anapoteza siku nzima akitafuta ubovu usiokuwepo.

## PS4 au PS5: gemu zina alama ya kufuli

Malalamiko huja hivi: "Fundi, jana usiku ilicheza vizuri tu." Na ni kweli ilicheza. Anza na sababu ya juu, ushuke.

Akaunti si yako. Hii inaongoza kwa mbali. Mashine ya mtumba inauzwa "imejaa gemu", lakini gemu hizo ni za akaunti ya muuzaji. Akaunti moja inaruhusu PS4 moja tu kuwa mashine yake ya msingi. Siku muuzaji akinunua PS4 nyingine na kuifanya ndiyo ya msingi, kwako kila kitu kinafungwa. Angalia kwenye Settings, kisha Account Management, kisha "Activate as Your Primary PS4". Kwenye PS5 jambo hilohilo liko Settings, Users and Accounts, Other, "Console Sharing and Offline Play".

Kama akaunti ni yako, iwashe hapo na mambo yamekwisha. Kama PS4 yako ya zamani iliibwa au uliiuza bila kuiondoa, ingia kwenye akaunti kwa kivinjari na uondoe mashine zote kwa mkupuo. Ruhusa hiyo hutolewa mara moja tu kila miezi 6, kwa hiyo usiitumie kujaribujaribu. Kama akaunti ni ya muuzaji, hakuna tiba ya kifundi. Dai fedha yako, au anza kununua gemu kwa akaunti yako. Yeyote anayekuahidi "kuvunja" kufuli la akaunti ya mtu mwingine anakuuzia tatizo la pili.

Leseni imeharibika. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, leseni huweza kupotea ingawa gemu ipo nzima. Nenda Account Management, "Restore Licenses". Kazi hii inakula data kidogo sana, hotspot ya simu inatosha.

PS Plus imeisha. Gemu za kila mwezi ulizochukua kwa PS Plus hufungwa usajili ukiisha na hufunguka ukilipia tena. Ziache zilipo.

Seva za PSN, mtandao wa PlayStation, zimelala. Angalia status.playstation.com kabla ya kuilaumu ruta yako.

Saa ya mashine imepotea. Sehemu inayofuata inahusu hilo peke yake.

Mashine ina jelibreki. PS4 ya namna hii haibaki imefunguka. Ufunguzi wake unakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika, nao unakwenda. Dalili yake haifanani na nyingine: gemu zote za kuchakachua zinakataa kwa pamoja, huku diski halisi zinaendelea kucheza kama kawaida. Mwenye kibanda anadhani mashine imeungua kwa umeme, kumbe imerudi tu kwenye hali yake ya kufungwa. Na ukiisasisha mfumo kwa matumaini ya kutengeneza, hairudi nyuma tena.

Mashine ya jelibreki ikiingia PSN inaweza kufungiwa yenyewe, si akaunti tu. Kufungiwa huko hakuondoki kwa kufomati wala hata kwa kubadili diski kuu ya ndani. Ndiyo maana, ukinunua PS4 ya mtumba Kilombero au Memorial, tengeneza akaunti mpya isiyo na kitu, washa hotspot, na uingie PSN mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Ikiingia, mwambie afute mtumiaji wake na kurudisha mashine kwenye hali ya kiwandani hapohapo. Njia ya haraka huchukua dakika chache. Kinachobaki ndicho unachonunua: mashine tupu, kwa bei ya mashine tupu.

## Tarehe inarudi nyuma kila ukichomoa waya wa umeme

Ndani ya PS3, PS4 na PS5 kuna betri ya kitufe, CR2032, inayoshikilia saa mashine ikiwa haina umeme. Mji wenye kukatika umeme mara kwa mara unaichosha mapema, kwa sababu kila dakika bila umeme inatoka kwenye betri hiyo.

Betri ina uhusiano gani na ulinzi wa nakala? PS4 hutumia saa kuthibitisha tuzo za mchezaji na leseni. Kwa miaka mingi betri ikifa na PSN haipatikani, mashine ilikataa gemu za kupakua, na hata za diski. Wachezaji walilalamika sana, na Sony ikarekebisha kwenye mfumo toleo 9.00 la Septemba 2021.

Fanya hivi:

1. Angalia toleo la mfumo kwenye Settings, System, System Information. Kama liko chini ya 9.00, sasisha.
2. Weka saa kwa mtandao: Settings, Date and Time, "Set via Internet".
3. Zima kabisa, chomoa waya wa ukutani dakika 10, rudisha. Saa ikipotea tena, betri imekufa.
4. Betri mpya ipime kwa mita kabla ya kuiweka. Nzuri inasoma volti 3.0 hadi 3.3. Ikisoma chini ya 2.8 imelala dukani muda mrefu, irudishe.

Hapa simama kama hujawahi kufungua PS4. Betri iko kwenye ubao mkuu, na njiani kuna kebo bapa nyembamba ambazo zikichanika ni gharama kubwa kuliko betri yenyewe mara nyingi. Sehemu ya pawasapulai ikifunguliwa, bado inaweza kuwa na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Kwenye kompyuta mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Saa ikirudi mwaka 2015, Steam (duka la gemu za kompyuta) haiingii na kila tovuti inalalamika kuhusu cheti. Chagua ukanda wa Nairobi, UTC+3, ambao ndio wetu pia, kisha bonyeza "Sync now". Ikirudi tena, ni CR2032.

## Diski inazunguka, haisomwi

Uchafu kwanza. Vumbi la barabara za changarawe linaingia kila mahali. Futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Lenzi isafishwe kwa pamba ya kijiti yenye tone la alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha subiri dakika 5. Spiriti ya kusafishia vidonda ina maji mengi na huacha ukungu. Kupuliza kwa mdomo ni kupaka mate.

Diski ya kuchoma. Hii bado ndiyo hadithi ya PS2 nyingi vibandani. Diski ya kuchoma hurudisha mwanga hafifu kuliko ya kiwandani, hivyo lenzi inafanya kazi kwa nguvu zaidi kila siku. Jaribio ni rahisi: weka diski halisi. Ikisoma ile halisi na kugoma ile ya kuchoma, lenzi imeanza kuchoka. Ikigoma zote mbili, imekwisha. Kuna mafundi wanaozungusha skrubu ndogo ya kurekebisha nguvu ya leza ili ipate uhai tena. Inapata, kwa wiki kadhaa, kisha inakufa moja kwa moja. Kama ni lazima, ipimwe upinzani wake kwanza na iandikwe namba, ili kuwe na pa kurudi.

Eneo. PS2 za Ulaya na za Marekani hazibadilishani diski. Skrini nyekundu inayosema uweke diski ya PlayStation au PlayStation 2 ina maana mojawapo ya mambo matatu: diski ni ya eneo jingine, ni nakala kwenye mashine isiyo na chipu, au lenzi imeshindwa kusoma alama. Picha ikija nyeusi na nyeupe au ikipanda na kushuka, gemu ni ya NTSC (mfumo wa picha wa Marekani na Japani) na televisheni yako inataka PAL (ule wa Ulaya). Badili kwenye menyu ya televisheni, usiguse mashine.

Alama yenyewe inafaa kuelezwa, kwa sababu watu hudhani kuna siri kwenye rangi ya diski. PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1994, haikutegemea rangi nyeusi ya chini ya diski hata kidogo. Kiwanda kiliyumbisha kidogo mfereji wa diski, karibu na katikati, na ndani ya kuyumba huko kuna herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine ya kuchomea CD inanakili data yote, lakini haiwezi kuuyumbisha mfereji. Kazi ya chipu ni kumnong'oneza msomaji herufi hizo nne wakati diski haizisemi. Chipu iliyounganishwa vibaya inanong'ona wakati usiofaa, na ndipo hata diski halisi zinakataa.

Draivu ilibadilishwa. Mteja anasema, "Tangu itoke kwa fundi haisomi kitu." PS4 za mwanzo, CUH-1000 na CUH-1100, PS3, Xbox 360 na Xbox One zina ubao mdogo wa draivu uliofungwa ndoa na ubao mkuu kwa ufunguo wa siri. Ukileta draivu nzima kutoka mashine nyingine, diski inazunguka na inakataliwa. Dawa ni kuhamisha ubao mdogo wa asili kwenye draivu mpya, au kubadili lenzi pekee. Kama fundi alikurudishia mashine bila ubao wa zamani, rudi ukaudai leo, kabla haujatupwa. Ubao huo ukipotea, mashine inabaki ya gemu za kupakua tu. PS5 nyembamba ya 2023 yenye draivu ya kuchomeka ni ya ukoo huohuo: inataka intaneti mara ya kwanza ili draivu itambuliwe.

## Vocha au nyongeza ya gemu inakataliwa

PSN haitoi akaunti kwa nchi ya Tanzania, kwa hiyo wengi walijisajili kama wako Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Vocha lazima ilingane na nchi ya akaunti; ya dola haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Soma vocha kabla ya kukwangua.

Diski za PS4 zinacheza kwenye PS4 ya eneo lolote, lakini nyongeza zake zinafuata eneo la diski. Diski ya Ulaya na nyongeza ya duka la Marekani hazitambuani hata kama jina ni lilelile. Linganisha namba zinazoanza na CUSA kwenye diski na kwenye duka kabla ya kulipa.

## Kompyuta: unabonyeza, hakuna kinachotokea

Faili limekosekana. Ujumbe ukitaja VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll, pakua Visual C++ Redistributable kutoka Microsoft na uweke zote mbili, x86 na x64. Ukitaja d3dx9_43.dll au xinput1_3.dll, weka DirectX End-User Runtimes ya Juni 2010. Usichukue DLL mojamoja kwenye tovuti zinazogawa, maana hujui limetoka wapi.

steam_api64.dll haipo. Kama gemu ni yako kwenye Steam, bonyeza Properties, Installed Files, "Verify integrity". Kama ni nakala ya flashi, antivirusi imeliondoa kwa sababu faili hilo lilibadilishwa ili kudanganya ukaguzi wa leseni. Hapo ndipo mtu huambiwa azime antivirusi. Usizime, soma kwanza sehemu ya laptop nzito huko chini.

Gemu ya diski ya miaka ya 2000. Diski ni halisi, kompyuta ni mpya, na bado kimya. Nyingi za wakati ule zilitumia SafeDisc, kufuli la kukagua diski linalotegemea draiva iitwayo secdrv.sys. Draiva hiyo ilikuwa na tundu la usalama. Windows 10 ilikuja 2015 bila kuiruhusu, na Septemba mwaka huohuo Microsoft ikaizima kwenye Windows 7 na 8 pia. Gemu za SecuROM ya zamani, kufuli jingine la namna hiyo, nazo zinagoma. Kuirudisha draiva kwa nguvu ni kufungua mlango ambao Microsoft waliufunga kwa sababu. Tafuta kwanza kama mtengenezaji alitoa sasisho la kuondoa ukaguzi wa diski, kisha angalia kama gemu inauzwa upya kwenye duka la mtandaoni la GOG, ambako haina kufuli kabisa: unahifadhi faili la kusakinisha kwenye flashi na unaliweka hata pasipo na mtandao.

Steam inadai intaneti. Ingia ukiwa na mtandao, acha ikukumbuke, fungua kila gemu mara moja, ndipo ubadili kwenda hali ya nje ya mtandao. Ukiruka hatua ya kufungua gemu, umeme ukirudi na mtandao usirudi, utabaki unaitazama. Na kama bado una Windows 7 au 8, Steam iliacha kuzihudumia 1 Januari 2024.

Umefikia kikomo cha uanzishaji. Gemu zenye Denuvo, ulinzi uliotangulia kuonekana kwenye FIFA 15 mwaka 2014, huhesabu kompyuta. Nyingi zinaruhusu vifaa 5 kwa saa 24. Kubadili prosesa, au kubadili toleo la Proton (programu ya kuendesha gemu za Windows) kwenye Linux, huweza kuhesabiwa kama kompyuta mpya. Subiri saa 24, usijaribu tena na tena. Kwenye prosesa za Intel za kizazi cha 12 baadhi ya kufuli ziliona aina mbili za viini zikadhani ni kompyuta mbili. Sasisha gemu na Windows.

Inauma kwamba haya yote humpata aliyelipa. Mwenye intaneti ya kusuasua Sombetini anafungiwa gemu aliyonunua kwa jasho lake, na kufuli halijui tofauti yake na mwizi.

## Gemu inacheza, lakini kama imelogwa

Kabla ya kulaumu kadi ya picha, angalia kama unacheza nakala iliyochakachuliwa. Watengenezaji wengine hawazimi gemu, wanaiharibu polepole. Kwenye Batman: Arkham Asylum ya 2009, nakala za wizi zilimfanya Batman ashindwe kuruka kwa joho lake, anaanguka tu, na huwezi kuendelea. Serious Sam 3 ya 2011 ilileta nge wa rangi ya waridi asiyekufa. GTA IV iliyumbisha kamera kama ya mlevi. Game Dev Tycoon ya 2013 ilifilisi studio ya mchezaji kwa sababu ya uharamia ndani ya gemu.

Jaribio: gemu nyingine zinacheza sawa, joto liko sawa, na kasoro inatokea sehemu ileile kila mara? Basi hakuna cha kutengeneza kwenye vifaa. Kubadili draiva au kuongeza RAM ni kupoteza fedha.

## Laptop imekuwa nzito na feni hailali tangu uweke gemu

Hii ndiyo dalili ya kuogopa. Mwaka 2021 Avast walieleza kirusi walichokiita Crackonosh, kilichojificha ndani ya nakala za wizi za gemu kama NBA 2K19 na GTA V. Kilikuta kompyuta zaidi ya 222,000, kikachimba sarafu ya kidijitali ya Monero ya zaidi ya dola milioni 2 kwa umeme wa wenye kompyuta. Kilizima Windows Defender kikaweka alama bandia mahali pake, ili ukitazama uone mambo ni shwari.

Angalia hivi, kwa utaratibu:

1. Acha laptop bila kazi dakika 10. Feni ikipiga kelele kisha ikatulia mara tu unapofungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, huenda kuna mchimbaji wa sarafu anayejificha.
2. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Exclusions. Ukikuta folda usizoweka wewe, au C:\ nzima, umeshaingiliwa.
3. Jaribu Windows Update. Ikikataa kabisa kuwaka, ni dalili ya tatu.
4. Endesha Microsoft Defender Offline scan. Huchukua dakika 15 hivi.

Ukikuta mojawapo, chomoa intaneti. Badili nywila za barua pepe, benki na akaunti za gemu kwa kutumia simu, si laptop hiyo, kwa sababu virusi vingi vya namna hii huchukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kisha weka Windows upya kutoka kwenye flashi ya GB 8 iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine iliyo safi. Usirudishe gemu ile, wala programu za .exe kutoka kwenye diski ya zamani. Picha na nyaraka zinatosha, baada ya kuzikagua. Kama ni kompyuta ya ofisi au ya duka yenye mahesabu ya wateja, usijaribu mwenyewe. Izime na umwite mtaalamu.

Wenye vibanda wajue jambo moja zaidi. Gemu inayonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani haina ruhusa ya kutoza watu kwa mechi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inasimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. Kwa kompyuta, Steam wana mpango maalumu wa leseni za vibanda.

## Gemu halisi, diski halisi, "haiwezi kuunganishwa na seva"

Ubisoft walizima seva za The Crew 31 Machi 2024, na waliokuwa na diski mkononi walibaki na plastiki. SimCity ya 2013 ilibahatika: mwaka uliofuata ilipewa hali ya kucheza bila mtandao. Seva ikishazimwa fundi hana la kufanya, na usimlipe anayesema analo. Ukishika diski ya mtumba, geuza kasha na usome maandishi madogo ya nyuma. Yakisema intaneti ni lazima, uliza kwanza kama seva zake bado ziko hewani, ndipo utoe fedha mfukoni.